Ticha kanikata maksi kwa "borrow me your pen"

Haya wasomaji wangu wa Tanga na wa nje ya Tanga, safari hii maswali ya Kiingereza yamezidi ya kila kitu na karibu yote ni ya vitenzi, yaani yale maneno mawili mawili ambayo mtu akitaka kuongea hajui achomoe lipi. Nimechagua yanayosaidiana, ukishaelewa la kwanza la tatu linakuwa jepesi. Ambao sijawajibu msininunie, ukurasa ndo huu mmoja.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko fomu tuu, nakaa Ngamiani. Nikitaka kalamu kwa mwenzangu namwambia "borrow me your pen", darasa zima tunasema hivo na tunaelewana vizuri tu, lakini ticha kanikata maksi. Kwani borrow si kuazima? Mwanafunzi, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Borrow ni kuazima ndio, na lend nayo ni kuazima, sasa hapo ndo mnapoangukia wengi. Sisi tuna azima moja inafanya kazi pande zote mbili, unasema "nimeazima kalamu kwa jirani" hapo we ndo umepokea, halafu unasema "niazime kalamu yako" hapo mwenzio ndo anatoa, neno lilelile na hakuna anayepotea. Mwingereza hana azima ya hivo. Kwake anayepokea ana neno lake na anayetoa ana neno lake.

We liache azima kabisa, shika maneno ya pesa: kopa na kopesha. Hakuna mtu Tanga hii anayechanganya kukopa na kukopesha, kamuulize mwenye duka yeyote hapo mtaani kwenu. Borrow ni kukopa, lend ni kukopesha. Sasa "borrow me your pen" maana yake umesema "nikope kalamu yako", unasikia inavyokwaruza? Sema "lend me your pen" au "can I borrow your pen?", zote mbili safi. Unakopa kutoka kwa mtu kwa hiyo borrow inatembea na from, unamkopesha mtu kwa hiyo lend inatembea na to au inamtaja mtu palepale. Na jana yake ni lent, hakuna cha lended. Ukikutana na Mmarekani kasema "loan me your pen" usimsahihishe, kwao ni sawa.

Halafu itazame hiyo -sha ya kopesha, usiipite tu. Ukiwa na mashaka na vitenzi viwili vya Kiingereza jiulize kwanza kwetu kimoja si ni cha kutenda na cha pili cha kutendesha? Kujifunza na kufunza, learn na teach. Kuona na kuonyesha, see na show. Kula na kulisha, eat na feed. Kukumbuka na kukumbusha, remember na remind, kwa hiyo ile "remember me to buy sugar" ninayoisikia kila siku ni "nikumbuke kununua sukari", wakati we ulitaka akukumbushe. Haya mambo uliyajua kabla hujaanza shule, hakuna aliyekufundisha, sasa kwa nini uyaache nje ya mlango wa darasa la Kiingereza? Wapo walimu wanaona Kiswahili kikitajwa kwenye kipindi chao ni mkosi, shule nyingine mtoto anavishwa kibao shingoni kabisa. Mi siko upande huo na sitakuwa.

Mambo vipi mwalimu, mi naendesha boda hapa stendi ya Kange, wageni napata wa kutosha hasa wa mapango ya Amboni. Nikishawapakia huwa nauliza "where do you drop?" wengine wanacheka. Nakosea wapi? Dereva boda, Kange

Poa kijana wangu. Wanacheka kwa sababu umewauliza watadondokea wapi, na mtu yuko nyuma ya pikipiki, hilo swali hataki kulisikia! Drop ikikaa peke yake bila mtu ni kudondoka. Kushuka ni get off, kushusha ndo drop mtu au drop mtu off, na huyo mtu lazima umtaje. Kwa hiyo "where do you want to get off?" au "where should I drop you?", ile you usiimeze. Kupanda ni get on, kwenye boda na basi na boti, ila gari dogo na bajaji ni get in na get out. Kupakia abiria ni pick up.

Na kwa vile umeligusa suala la wageni: akikwambia "pick me up at four" usije ukaenda saa nne asubuhi ukamkuta bado anakunywa chai, four yake ni saa kumi yetu. Najua wengi mnajua lakini nalisema tu.

Habari za kazi mwalimu. Mwanangu yuko la sita, shule ya ingilishi midiamu. Kaandika "Yesterday I laid on the bed", ticha kakata kaandika "lay". Mi nikaona huyu ticha ndo hajui, lay si ya wakati wa sasa? Nikamwambia mtoto ajibu "I lied on the bed". Tukabishana na baba yake mpaka usiku. Nani yuko sahihi? Mama, Chumbageni

Nzuri dada yangu. Ticha yuko sahihi, mrudishie daftari lake kwa amani. Baba yake sijui alikuwa upande gani, hukuniambia.

Hapa kuna vitenzi vitatu vimeshikana mikia. Cha kwanza lie, kulala kwa maana ya kujinyoosha mahali, jana yake ni lay, na ukitanguliza have inakuwa lain. Cha pili lay, kulaza, kukiweka kitu kilale, jana yake laid na ukitanguliza have bado laid. Cha tatu lie ya kusema uongo, huyu hana makuu, lie, lied, lied. Kwa hiyo lay uliyoiona kwenye daftari si lay ya sasa, ni jana ya lie. Waingereza wenyewe wanachanganya hapa kila siku kwa hiyo usijione mjinga.

Mtoto alivyoandika "I laid on the bed" msomaji anabaki anangoja, umelaza nini, mdogo wako, shuka, nguo? Kile kitu hakijatajwa. Na ile ya kwako ndo balaa zaidi manake inasema jana ulidanganya ukiwa kitandani, naona heri tuiache hapo baba watoto asije akaanza maswali mengine.

Sasa rudi kwenye ile -sha niliyomwambia mwanafunzi wa Ngamiani, na -za ni ndugu yake, kazi ni ileile. Lala ni lie, laza ni lay. Ukiweza kusema "nimelaza" basi ni lay na lazima utaje ulichokilaza: "I laid the baby on the mat", nimemlaza mtoto kwenye mkeka. Ukisema "nimelala" tu basi ni lie na hakuna kinachofuata. Hata kuku wa nyumbani kwako akitaga Mwingereza anasema kalaza yai, "the hen has laid an egg", kwa hiyo kuku siku zote ni lay, sijawahi kuona mtihani unaomwacha kuku nje.

Wengi wenu hamtaamini hili: Kiingereza nacho kilikuwa na -sha yake. Kile cha kale, kilichosemwa Uingereza kabla Wanormani wa kutoka Ufaransa hawajaingia mwaka 1066, kilirithi kutoka kwa lugha mama yake kipande cha mwishoni mwa kitenzi chenye sauti kama ya y, kazi yake ni kutendesha tu kama -sha yetu. Kile kipande kikaivuta irabu ya katikati ikabadilika, chenyewe baadae kikapotea, ikabaki irabu iliyobadilika ndo inashika zamu. Sit ni kukaa, set ni kukikalisha kitu. Fall ni kuanguka, fell ni kuangusha, na fell hii mpaka leo ipo kwa kuangusha miti, wale wakata magogo wa kule Lushoto "they felled a tree", wala si "they fell a tree" manake fell bila ed ni jana ya fall na watakuwa wameanguka wao. Lie na lay ni ndugu wa namna hiyohiyo. Na drink ilikuwa na mtoto wake drench, kunywesha! Siku hizi drench wengi wanaijua ni kulowesha chapachapa, kama mvua inavyomlowesha mtu, lakini kwa wafugaji maana ya zamani haijafa, kumnywesha ng'ombe dawa ya minyoo kwa Kiingereza ni drench mpaka kesho, na mkoa wetu huu wa ng'ombe wa maziwa nadhani bwana mifugo wako anaitumia bila kujua kwamba kashika kitu cha zaidi ya miaka elfu.

Kwa hiyo Waingereza walikuwa na mashine, ikaharibika, wakabaki na spea chache zilizotapakaa ambazo inabidi mtoto azikariri moja moja. Sisi mashine yetu bado inawaka.

Rise na raise nazo zimo humohumo ingawa raise yenyewe waliletewa na Waviking, wale mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya waliokwenda kukaa kwao. Panda na pandisha, inuka na inua. "Bei ya sukari imepanda" ni "the price of sugar has risen", "wamepandisha bei" ni "they have raised the price". Rise inakwenda rose na risen, raise inakwenda raised tu. Na walimu mnaosema darasani "rise up your hands" tafadhali sana, mkono haupandi wenyewe, "raise your hands" inatosha.

Ila usije ukaipeleka hii kila mahali dada, utakwama. Sisi tuna chemka na chemsha, Mwingereza ana boil moja tu, "the water is boiling" na "I am boiling water". Simama na simamisha, kwake stop. Vunjika na vunja, break. Vitenzi vyake vingi vya siku hizi viko hivo, neno moja pande mbili, kama azima yetu ilivyo. Hiyo -sha ikusaidie pale tu ambapo yeye ana maneno mawili na we hujui uchukue lipi.

Mwalimu mimi ni mdau wa soka, mechi Mkwakwani sikosi. Nilimwandikia rafiki yangu wa Ujerumani "we won them two nil" akaniuliza tumewashinda kwenye bahati nasibu? Alimaanisha nini? Mwana Coastal, Tanga mjini

Alikutania mgosi, ila ana pointi. Shinda yetu inashinda mechi, inashinda kombe na inamshinda mtu. Kwake kuna win na beat. Unachokipata unakiwin: mechi, ligi, kombe, zawadi. Unayemtoa jasho unambeat. Ukisema "we won them" ni kama hao wapinzani ndo walikuwa zawadi, mmewabeba nyumbani. Kwa hiyo "we beat them two nil", "we won the match", na kwa raha yako mwenyewe "Coastal Union won the league in 1988", hiyo mwandikie kila wiki asisahau.

Jana ya win ni won, jana ya beat ni beat vilevile haibadiliki, ila mkipigwa nyie ni "we were beaten". Bahati mbaya hiyo nayo utaihitaji.

Shikamoo mwalimu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja Raskazone. Mgeni akiniuliza kitu nikitaka kwenda kuulizia ofisini namwambia "I'm coming" naondoka, nikirudi nakuta ananitazama kama nimechanganyikiwa. Pia bring na take zinanipa shida. Dada wa mapokezi

Marahaba mwanangu. "Nakuja" ya kuondokea ni ya kwetu hiyo, tunageuza mgongo huku tunasema nakuja na kila mtu anaelewa kwamba utarudi. Mgeni yeye anaona umesimama mbele yake, unasema unakuja, halafu huyo unatokomea! Mwambie "I'll be right back". Ile "I'm coming" iweke kwa simu, akipiga toka chumbani anakuita, hapo unamwendea kweli na ni Kiingereza safi kabisa.

Bring na take wala hazina shida ukiziacha ziwe leta na peleka. Mgeni kapiga simu anataka taulo, kwa Kiswahili ungesema "nakuletea" hivo Kiingereza nacho ni "I'll bring you a towel". Ukimgeukia mwenzako wa usafi unamwambia "peleka taulo chumba namba sita" basi ni "take a towel to room six". Kosa linatokea mtu akizoea kwamba take ni kuchukua na hapohapo anasimama, anasahau kwamba ni kupeleka pia. Na ukitaka kumtuma mtu aende akachukue arudi nacho, ile "kalete" yetu, wao wana fetch. Watu wengi wanajua fetch kwenye maji tu, "fetch water", lakini unaweza kumfetch hata fundi bomba.

Mwalimu naomba unisaidie nimeaibika. Nilichelewa kazini nikamtumia bosi wangu mzungu meseji "Sorry, I was stolen yesterday at Deep Sea market". Ofisi nzima wakacheka. Halafu mwenzangu anasema hata "he said me" ni makosa. Kweli? Jina kapuni

Pole sana ndugu, kwanza kwa simu au pochi au chochote kilichokwenda, pili kwa kicheko. Umemwambia bosi kwamba wewe mzima uliibwa, kama mbuzi. Kwenye steal kinachotajwa ni kitu, kwenye rob ni mtu. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri tu: simu iliibwa, mimi niliibiwa. "My phone was stolen", "I was robbed". Ila ukienda polisi kuandikisha angalia, rob kisheria ni unyang'anyi, pawe na nguvu au vitisho, kama mtu alikuchomolea kimya kimya wakati unachagua changu na tasi basi ni wizi tu, baki na "my phone was stolen" usije ukaanza kuulizwa silaha ilikuwa ya aina gani.

Na mwenzako yuko sawa pia. Say ni sema, tell ni ambia. Ambia bila mtu haikai, huwezi kusema "aliambia kwamba anakuja" ukanyamaza, kila mtu atauliza alimwambia nani. Tell iko hivohivo, inamtaka mtu palepale nyuma yake: "he told me". Say haimtaki, na ukimtaka unaweka to kati yao, "he said to me". Zipo chache zinazokiuka, tell the truth na tell a lie na tell a story hazihitaji mtu, hizo zimeze tu.

Do na make zina kanuni gani mwalimu? Zote si kufanya? Msomaji, Pongwe

Zote ni kufanya na kanuni ya kweli hakuna. Watakwambia make ni pale kinapopatikana kitu kipya na do ni shughuli tu, inasaidia kidogo, make tea, make a chair, do homework, do business. Halafu unakutana na make a mistake, make noise, make a decision, hapo kitu gani kimepatikana? Jifunze kwa jozi kama zinavyokuja. Anayekuuzia kijitabu cha kanuni za do na make muulize kwanza make a phone call inaingia wapi.

Assalaam alaykum. Nina vyumba Makorora nataka kuweka bango la Kiingereza, siku hizi kuna wageni wa mradi wa bomba la mafuta la Chongoleani, huwezi jua. Kijana wangu kaandika I RENT ROOMS. Liko sawa? Mzee wa Makorora

Waalaykum salaam mzee mwenzangu. Hapa sasa zamu yao kupungukiwa. Sisi tuna panga na pangisha, mpangaji na mwenye nyumba hawagongani, Mwingereza rent hiyohiyo anampa mpangaji na anakupa wewe. "I rent rooms" mtu anaweza kuisoma kwamba wewe ndo unapanga vyumba vya watu. Ukitaka iwe kupangisha bila wasiwasi ongeza out, "I rent out rooms". Hire iache kabisa hapo, hiyo ni ya kukodi gari au ukumbi wa harusi, na lease ni mambo ya mikataba mirefu ya wanasheria.

Kwenye bango wala huhitaji sentensi. Andika ROOMS FOR RENT, chini yake VYUMBA VINAPANGISHWA manake na wapangaji wa hapahapa hela yao ni ileile, halafu namba ya simu iwe kubwa mtu aisome akiwa barabarani. Kuna watakaokushauri uandike TO LET kwa sababu ndo ya Kiingereza cha Uingereza na ni sahihi kabisa, usikubali, vijana wa mtaani wataichomeka I hapo katikati usiku, asubuhi bango linasomeka choo na watu wameshapanga foleni.